Somo la Makuli: Nilichokikuta Chuo Kikuu Kuhusu Mombasa Yetu

Mtu akirudi Mombasa na shahada ya udaktari hupokewa kwa vigelegele. Akirudi na ya sheria, kabla hajapumzika jamaa humletea hati za shamba la babu. Mimi niliporudi nikasema kwamba nilichokwenda kusomea ni vyama vya wafanyakazi, na jinsi wafanyakazi wanavyopatana na matajiri wao, ami yangu mmoja aliweka chini kikombe chake cha kahawa, akanitazama kwa huruma, kisha akaniuliza: "Mwanangu, na hilo nalo hufundishwa? Kugoma si kukaa tu?"

Baraza nzima ilicheka, nami nikacheka nayo. Lakini swali hilo nimeulizwa tena na tena, na wazee kwa vijana, na naona watu wetu wa pwani wanastahili jibu lililo kamili, kwa kuwa somo lenyewe, kwa sehemu si ndogo, limeandikwa kwa jasho la watu wa hapa hapa.

Ama kwanza tuondoe dhana. Katika muda wote niliokaa darasani sikufundishwa hata siku moja namna ya kuitisha mgomo. Tulichofundishwa zaidi ni hesabu. Tulifundishwa kusoma vitabu vya hesabu vya kampuni na kujua faida imekwenda wapi. Kupima bei ya unga, mafuta na kodi ya chumba, tuone shilingi ya mwaka juzi imebaki na nguvu kiasi gani mwaka huu. Na kuandika kifungu cha mkataba ambacho wakili mwerevu hatakipindua. Juu ya hayo kulikuwa na historia na sheria. Mgomo ulikuwa sura moja tu, tena ya karibu na mwisho, kama vile talaka ilivyo na mlango wake katika kitabu cha ndoa.

Jina ambalo sisi tunalitafsiri "mapatano ya pamoja" liliandikwa kwanza na mwanamke wa Kiingereza, Beatrice Potter, mwaka 1891, katika kitabu chake juu ya vyama vya ushirika vya Uingereza. Mwaka uliofuata aliolewa na Sidney Webb, na mume na mke hao walikuwa miongoni mwa walioanzisha chuo cha uchumi cha London mwaka 1895. Mwaka 1897 walitoa kitabu kikubwa juu ya kazi za vyama vya wafanyakazi, ambacho hadi leo mwanafunzi wa somo hili hakwepi kukisoma.

Hoja yao ataielewa mtu yeyote aliyewahi kusimama nje ya geti la Kilindini alfajiri. Ndani kuna kazi ya mtu mmoja, na nje wamesimama watu hamsini. Kila mmoja akiitwa peke yake kutaja bei yake, itakayochukuliwa ni bei ya yule ambaye watoto wake hawakula jana, na hiyo ndiyo itakayokuwa bei ya kazi hiyo kesho na keshokutwa. Yule mwenye njaa hana lawama, ana watoto. Ila njaa yake imewapangia ujira wenzake arobaini na tisa. Wakiingia wote kwa ulimi mmoja, njaa ya mmoja haiwi mizani tena.

Mwalimu wetu alipenda kutoa mifano ya viwanda vya pamba vya Uingereza. Mimi, kila alipokuwa akieleza, nilikuwa nikiwaza posa. Kijana wa Kiswahili haendi mwenyewe kwa baba wa msichana kutaja mahari. Hupeleka washenga. Na mshenga mzuri si mwenye sauti kubwa. Ni yule anayejua kunyamaza, anayejua kuomba ruhusa watoke uani kidogo washauriane, anayejua kiwango ambacho waliomtuma hawatakivuka na asikitaje mapema. Zaidi ya yote anajua kwamba watu hawa kesho watakuwa wakwe, watakula sinia moja, basi hasemi leo neno litakalofanya wali ule usimezeke. Anayenunua samaki Marikiti akikosana na muuzaji huenda meza ya pili. Mfanyakazi na tajiri wake wakimaliza kupatana jioni, asubuhi hukutana pale pale.

Tulikuwa na zoezi moja la siku tatu ambalo nilijifunza ndani yake kuliko katika vitabu vyote. Darasa liligawanywa pande mbili, wengine wakawa chama na wengine wakawa kampuni, nami kura ikaniangukia upande wa kampuni. Wenzetu wa chama waliingia siku ya kwanza kwa kishindo wakitaka nyongeza kubwa. Tukawauliza jambo moja tu: kiasi hicho mmekipataje? Wakatazamana. Wakaanza kueleza shida, na shida zilikuwa za kweli, lakini hapakuwa na hata tarakimu moja mezani, nasi tuliokuwa na makaratasi yetu tukawapeleka tulikotaka. Siku ya pili walirudi watu wengine. Walikuwa na bei za sokoni za miaka mitatu, mishahara ya kampuni jirani, na hesabu ya saa zote ambazo mashine zilisimama kwa sababu mafundi wazuri wamehama. Safari hii tuliotazamana ni sisi. Na katika siku ile ya tatu, karibu saa nzima haikwenda katika mshahara. Ilikwenda katika kubishana ni nani atakayelipa nauli ya gari la wanaotoka kazini usiku wa manane. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mapatano ya pamoja si mshahara peke yake. Ni likizo, ni matibabu, ni mavazi ya kazi, ni nani apandishwe cheo, ni mtu ashtakiwe vipi kabla ya kufukuzwa.

Najua wako watakaouliza dini inasemaje. Mimi si mwanachuoni, na mwenye kutaka hukumu awaendee wenye elimu yao. Lakini yeyote aliyekaa chuoni japo kidogo amepita mlango wa ijara, na maneno yetu ajira, ujira na mwajiri yametoka mlango huo huo. Mafakihi wamesisitiza kazi ijulikane na ujira ujulikane kabla mtu hajainua mkono wake, kwa kuwa ujira usiojulikana huzaa ugomvi. Wasia wa Mtume wetu (S.A.W.) juu ya kumlipa mfanyakazi bila kumchelewesha, jasho lake likiwa bado bichi, unajulikana na kila mtoto wa madrasa, ingawa naona wengi tunaujua kwa ulimi kuliko kwa mfuko.

Na tumesimuliwa katika Sura ya Al-Qasas habari za Nabii Musa (A.S.) alipoikimbia Misri akafika Madyan hana kitu. Binti wa mzee mmoja, ambaye wengi husema ni Nabii Shuaib ingawa Sura yenyewe haikumtaja jina, alimshauri baba yake amwajiri, kwa kuwa ni mtu mwenye nguvu na mwaminifu. Mzee akataja masharti: muda ni miaka minane, na akitimiza kumi hiyo ni hisani yake mwenyewe; na malipo ni kumwoza mmoja wa binti zake. Akaongeza kwamba hapendi kumtaabisha. Musa naye hakuitikia tu kwa kichwa. Alikariri makubaliano kwa kinywa chake, akaweka wazi kwamba muda wowote atakaoumaliza kati ya miwili hiyo asionewe, na akamtaja Mwenyezi Mungu kuwa ndiye shahidi. Nilipoyarudia hayo baada ya darasa, niliona vitu vyote tulivyofundishwa vimo: muda, malipo, kiwango cha chini na cha hiari, kinga ya dhuluma, na shahidi. Na huyo alikuwa mkimbizi, mtu asiye na jamaa wala mali katika mji ule.

Kitabu kilichonishangaza kuliko vyote katika orodha yetu kilikuwa cha Mmarekani Frederick Cooper, kilichotolewa mwaka 1987, juu ya makuli wa bandari ya Mombasa. Nilikuwa nimetoka Mombasa kwenda kusoma, na kitabu kikanirudisha Mombasa. Kabla yake, mwaka 1970, John Iliffe alikuwa ameandika juu ya makuli wa Dar es Salaam, na mwaka 1969 Makhan Singh alitoa historia yake ya vyama vya wafanyakazi wa Kenya hadi mwaka 1952. Huyu Makhan Singh hakuiandika kwa kusimuliwa. Serikali ya kikoloni ilimkamata mwezi wa Mei 1950 kwa ajili ya kazi hiyo hiyo ya vyama, na hakupata uhuru wake mpaka mwaka 1961.

Katika vitabu hivyo nilijifunza neno ambalo nililidhani nalijua: kibarua. Wataalamu wa historia wanaeleza kwamba lilikuwa ni barua ndogo kweli, cheti. Katika karne ya 19, Unguja na hapa kwetu, mabwana waliwatoa watumwa wao kwenda kufanya kazi ya kutwa kwa watu wengine, na sehemu ya ujira ikarudi kwa bwana. Utumwa ulipoondolewa kisheria, Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, neno lilibaki, na utaratibu wa kulipwa kwa kutwa ukabaki, lakini mfuko ukawa wa mwenye jasho mwenyewe.

Na hapa wengi wetu tumedanganyika. Wakubwa wa kikoloni waliandika mno kwamba mtu wa pwani ni mvivu, kwa kuwa hufanya kazi bandarini siku kadhaa kisha haonekani. Ukweli ni kwamba alikuwa amepiga hesabu yake. Alikuwa na minazi na mihogo Kisauni, Likoni au ndani zaidi katika nchi ya Wamijikenda. Wengine walikuwa na ngalawa. Akihitaji pesa za kodi au za harusi alikwenda Kilindini, akapakua magunia, akalipwa jioni. Serangi akiwa mkali, au ujira ukiwa mdogo, kesho yake hakutokea. Hakuwa na chama wala kadi, lakini alikuwa na neno "hapana", na meli ilikuwa imesubiri kwa gharama ya mwenyewe. Huko nako ni kupatana. Tajiri hakuweza kumfukuza mtu ambaye hakumwandika.

Nguvu hiyo ilionekana mwaka 1934, vibarua wa bandari walipogoma. Ikaonekana zaidi mwaka 1939, mwezi wa Julai na Agosti, mgomo ulipoanza kwa wafanyakazi wa serikali waliolia na kodi za nyumba ukafika hadi bandarini, na serikali ikaunda tume ya kuchunguza hali ya wafanyakazi wa Mombasa. Baada ya fujo nyingine wakati wa vita, kamati ya Arthur Phillips ilitoa ripoti mwaka 1945 ikakiri kwamba mfanyakazi wa mjini si mwanakijiji aliyekuja kutembea. Amekuwa mtu wa mji, mwenye shida za mji.

Halafu ukaja ule mgomo mkubwa ambao wazee wa Mombasa waliusimulia kwa miaka mingi. Tarehe 13 Januari 1947 watu wapatao 15,000 waliacha kazi kwa pamoja. Hawakuwa makuli peke yao. Walikuwemo wa reli, wa hoteli, na hata maboi wa majumbani, ambao bibi zao wa Kizungu walijikuta asubuhi ile hawajui jiko linawashwaje. Mtu wa bara na mtu wa pwani walikaa chini pamoja katika uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini, na kila siku palikuwa na mkutano. Mimi jina hilo hunigusa kuliko hotuba zote. Watu hawakuona haya kujiita walivyo.

Mgomo uliendelea karibu siku kumi na mbili. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kuwanasihi warudi kazini wakati madai yao yakisikilizwa, na baraza la usuluhishi likaundwa chini ya Jaji Ransley Thacker, ndiye yule yule aliyekuja kumhukumu Jomo Kenyatta na wenzake katika kesi ya Kapenguria. Baraza likatoa nyongeza. Lakini Chege Kibachia, aliyekuwa akiongoza umoja wa wafanyakazi wale, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule na kupelekwa kuzuiliwa Kabarnet. Mtu hupewa mkate kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine hunyang'anywa msemaji wake.

Moto huo haukukomea Likoni. Dar es Salaam makuli waligoma mwaka huo huo wa 1947, na Unguja mwaka 1948, mgomo wa bandarini ukageuka wa mji mzima. Wasomaji waliosoma riwaya ya Adam Shafi iitwayo Kuli, iliyotolewa mwaka 1979, wameuona mgomo ule wa Unguja kwa macho ya mwandishi. Naona fahari kwamba fasihi yetu ya Kiswahili iliwahi kuliingia jambo hili kwa undani kama huo.

Sasa tazama yaliyofuata, maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Serikali na makampuni ya bandari walitambua kwamba hatari iko katika kibarua chenyewe: watu maelfu, kila mmoja akiingia na kutoka apendavyo, wote wakiwa na mahali pengine pa kula. Basi katika miaka ya 1940 na 1950 wakaanza kuwaandikisha, kuwapa kadi, kuwataka wafike idadi fulani ya siku, na mwishowe kuwapunguza, ili wachache waliobaki wawe watu wa kazi ya kudumu. Aliyebaki alipata zaidi. Aliyetaka kuchanganya gati na shamba aliambiwa achague. Kwa hiyo lile neno "hapana" la mtu mmoja mmoja lilikwisha, na badala yake ilibidi litafutwe neno la wote, liandikwe, litiwe sahihi.

Lilitafutwa mapema. Mwezi wa Machi 1955, nchi ikiwa chini ya sheria za hali ya hatari, makuli wa Mombasa waligoma tena. Tom Mboya, kijana aliyekuwa katibu wa shirikisho la vyama, alishuka kutoka Nairobi. Aliwaambia warudi kazini ili yeye akae na matajiri, jambo gumu kuwaambia watu waliokasirika, nao wakamwamini. Usuluhishi uliofuata uliwapa nyongeza ya karibu theluthi nzima ya ujira. Ni baada ya hapo, mwaka ule ule, ndipo Mboya alipokwenda kusoma mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin, Oxford, chuo kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wa kazi. Wasifu wake ukisimuliwa, Oxford hutajwa kwa sauti kubwa. Mimi husema Kilindini ndiko alikofanyia mtihani kabla ya kuingia darasani. Mwaka 1958 mashirika ya vyama ya kimataifa yalifungua chuo Kampala kwa ajili ya viongozi wa vyama wa Afrika, na tangu hapo somo hili likawa na makao Afrika.

Mengine nitayapita haraka. Tarehe 15 Oktoba 1962 serikali, waajiri na vyama walitia sahihi hati ya uhusiano kazini. Mahakama ya Viwanda ikaanza mwaka 1964, na Saeed Cockar akaikalia kwa miaka mingi. Mwaka 1965, baada ya mafarakano ya vyama yaliyomwaga damu hapa Mombasa, COTU ikaundwa. Sheria mpya za kazi zikaja mwaka 2007, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 41, ikaiweka haki ya kujiunga na chama, ya kugoma na ya mapatano ya pamoja mahali ambapo bunge peke yake haliwezi kuifuta kwa urahisi. Hata hivyo kugoma hakukuachwa kiholela: ni lazima usuluhishi ushindikane kwanza, na notisi ya maandishi ya siku 7 itolewe. Na mwajiri halazimiki kukitambua chama mpaka kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaoruhusiwa kujiunga. Mapatano yakisajiliwa mahakamani huwa ni sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika.

Mtu atasema: yote yako sawa basi, na wewe unatafuta nini? Nitamjibu kwamba haki ziko kwenye karatasi, na watu wetu wako nje ya karatasi. Kontena zilipoingia, kazi ya magunia iliyolisha genge zima ikawa ya kreni na watu wachache. Kibarua hakikufa, kilihama. Kimehamia hoteli za ufuoni, maghala, viwanda, majengo. Lakini tofauti na ya babu zetu, kibarua wa leo wa Kisauni au Bamburi hana minazi nyuma yake. Shamba liliuzwa, au halikuwa lake kwa hati. Akisema "hapana", hana pa kula kesho. Jina ni lile lile, ila kilichokuwa ngao kimekuwa kitanzi.

Tuliona mwaka 2019, serikali ilipoagiza shehena inayotoka bandarini ibebwe kwa reli mpya hadi bara. Malori yalisimama, maghala yakapungukiwa kazi, na watu wakaandamana mjini Jumatatu baada ya Jumatatu. Agizo liliondolewa mwaka 2022. Wengi walioumia walikuwa utingo, wapakiaji, mama wauza chakula, watu wa kulipwa kwa safari au kwa siku. Walikuwa na barabara ya kuandamana, lakini hawakuwa na meza ya kukaa. Na wale dada zetu waendao Saudia kufanya kazi za nyumbani hali yao ni ngumu zaidi, kwani nchi ile hairuhusu vyama vya wafanyakazi, na kila mmoja hupatana peke yake nyuma ya mlango uliofungwa.

Sitaki vyama nivipake mafuta. Viko ambavyo viongozi wake wamezeeka katika viti, ada hukatwa kila mwezi na mwanachama hajui mapatano yake yamesema nini. Nimewahi kumuuliza mtu aliyekatwa ada miaka kumi kama ameyaona mapatano hayo. Akaniuliza yanauzwa wapi. Lakini dawa ya msikiti wenye kamati mbaya si kuacha kuswali. Vijana wetu wanaomaliza shule wakimbilia biashara na kompyuta, na ni vyema, ila chama hakiwezi kuzungumza na mhasibu wa kampuni kwa kumtuma mtu asiyejua kusoma mizania. Ndiyo maana hulionea uchungu somo hili linapochekwa barazani.

Binti mmoja wa jirani, aliyekuwa akifanya kazi ya vyumba katika hoteli moja, alinijia mwezi wa Ramadhani baada ya tarawehe. Kila mwezi, alisema, hufanya kazi siku ishirini na nane, kisha huambiwa apumzike siku mbili na aje kuanza upya kama mgeni. Amekuwa mgeni hivyo kwa miaka miwili. Nilimfungulia Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Kibarua, kwa sheria hiyo, ni mtu aliyechukuliwa kwa muda usiozidi saa 24 na anayelipwa kila siku ikiisha. Na kifungu cha 37 kinasema kwamba siku za kazi mfululizo zikijumlishwa zikafika sawa na mwezi, au kazi yenyewe ikiwa ni ya miezi mitatu au zaidi, mtu huyo si kibarua tena, hata aitwe jina gani. Ni mfanyakazi wa mwezi, na haki zake ni za mwezi.

"Sasa, kaka," akaniuliza, "hizo siku mbili wanazonipumzisha zinakata mfululizo au hazikati?"

Nilimwambia kwamba swali lake ndilo hasa ambalo mawakili hubishania, kwamba kazi ya kutandika vitanda katika hoteli isiyofungwa haiwezi kusemwa inakwisha baada ya siku 28, na kwamba mwenye kumbukumbu ndiye anayesikilizwa. Alikuwa na jumbe za malipo katika simu yake, hajafuta hata moja. Juma lililofuata alinunua daftari la kurasa 96. Ameandika tarehe, jina la msimamizi wa zamu, vyumba alivyofanya na kiasi alicholipwa. Mara ya mwisho nilipomwona, wenzake sita walikuwa wameanza kuandika madaftari yao, na walikuwa wakitafuta kujua hoteli ile ina wafanyakazi wangapi, ili wapige hesabu ya nusu.